Sauti Iwe ya Mwenyewe, Isiwe ya Chombo

Wahenga walisema, mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Aghalabu methali hiyo hutajwa mtu anapodhulumiwa mali yake au sifa yake. Iko, hata hivyo, dhuluma nyingine ndogo isiyopigiwa kelele, nayo ni mtu kunaswa sauti yake katika mashine, kisha akasikika kama mtu mwingine. Mzee mwenye sauti nzito, iliyozoea kuita ng'ombe na kuonya wajukuu, hutoka katika spika akiwa na sauti nyembamba ya bati. Mama mwenye maneno ya upole husikika mkali kana kwamba anagomba. Wasikilizaji hucheka kidogo, wakasema mashine imemharibu, na mambo yakaishia hapo. Kwa hakika hayaishii hapo, maana rekodi hubaki na mwenye sauti huondoka.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, kusini-mashariki ya mji wa Mbarara. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950, yakawapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959, na leo yanahesabiwa miongoni mwa makazi makongwe ya wakimbizi katika Afrika. Wanaishi humo watu zaidi ya laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Rwanda, Somalia na kwingineko, na wengi wao huunganishwa na lugha ya Kiswahili sokoni na katika ibada. Wako waliozeeka humo humo. Wako pia walioitwa siku moja kwenda kuishi Marekani, Kanada au Australia, wakawaacha wazazi nyuma. Habari za jinsi ukoo ulivyovuka mpaka, majina ya mito na vilima vya kwao, nyimbo za harusi na za maombolezo, mengi ya hayo hayakuandikwa popote. Yamehifadhiwa kifuani mwa wazee.

Hali ya kutengana si geni pia katika kambi za jeshi na za polisi. Tangu askari wa Uganda walipoanza kupelekwa Somalia mwaka 2007, mtoto wa kambini Mbarara amezoea kumjua baba kwa sauti ya simu miezi mingi. Kwa familia ya namna hiyo, sauti iliyonaswa ni sehemu ya mtu mwenyewe. Haifai ipakwe rangi na kifaa.

Funzo kutoka ikulu ya Ankole

Nchi ya Mbarara inalo funzo lake kubwa katika jambo hili. Katika mwaka 1950 na 1952, mtaalamu Hugh Tracey alifika Uganda na mitambo yake akarekodi muziki wa ikulu za Buganda, Bunyoro na Ankole. Wakati ule hapana aliyejua kwamba mwaka 1967 serikali ingezifuta falme zote za Uganda. Falme nyingine zilirudishwa kuanzia mwaka 1993, lakini ile ya Ankole haikurudishwa. Wapigaji waliopiga mbele ya mfalme wao walikwisha kutawanyika, na ikulu ile haiko tena kama ilivyokuwa. Basi anayetaka leo kuusikia muziki wa ikulu ya Ankole ya zama zile hana budi kuzitegemea rekodi zilizosalia. Anausikia kwa sikio la maikrofoni ya mwaka ule, pamoja na nguvu zake zote na upungufu wake wote.

Vivyo hivyo, wajukuu wa wazee wa Nakivale watawasikia babu zao kwa sikio la maikrofoni itakayotumika sasa. Kwa hiyo yafaa kulijua sikio hilo.

Chombo kina tabia yake

Maikrofoni, ambayo wengi huiita kipaza sauti, ina kiwambo chembamba ndani yake. Hewa inapotikiswa na sauti, kiwambo hutikisika, na mtikisiko huo hugeuzwa kuwa umeme. Hesabu ya mitikisiko kwa sekunde moja huitwa hezi. Sikio la kijana mwenye afya husikia kuanzia karibu hezi 20, ambazo ni mngurumo mzito, hadi karibu hezi 20,000, ambazo ni mlio mwembamba sana. Lau maikrofoni ingekuwa na uadilifu kamili, ingezipokea sauti zote hizo kwa usawa, nzito kwa nyembamba. Maikrofoni ya namna hiyo ni nadra. Nyingi huipendelea sauti moja na kuionea nyingine, na upendeleo huo ndio mafundi wanaouita rangi ya maikrofoni.

Mfano ulio wazi ni ile maikrofoni iitwayo Shure SM58, iliyotoka Marekani mwaka 1966 na kuenea katika makanisa, mikutano na bendi za dunia nzima. Waliotengeneza wanasema inapokea kuanzia hezi 50 hadi 15,000. Waliipunguza makusudi katika sauti nzito, wakaiinua kwa desibeli chache karibu na hezi 5,000, mahali ambapo herufi za maneno huwa wazi. Kwa mwimbaji anayeshindana na magitaa jukwaani, mwinuko huo ni msaada mkubwa. Kwa mzee anayesimulia polepole katika chumba kimya, mwinuko ule ule humfanya asikike mkali kuliko alivyo.

Liko pia jambo la umbali. Maikrofoni nyingi zinazosikia zaidi upande wa mbele huvimbisha sauti nzito mdomo unapozikaribia mno. Mtu akiimeza maikrofoni, kama wafanyavyo washereheshaji, hunguruma kama ngoma. Akirudi nyuma hatua moja, ngurumo hutoweka na mwangwi wa chumba huingia mahali pake. Hivyo mtu yule yule, kwa chombo kile kile, aweza kuwa na sauti mbili katika saa moja.

Mama wa nyumbani ataelewa haraka. Chai iliyochemshwa katika sufuria iliyopikiwa samaki hubeba harufu ya samaki. Majani ni mazuri, maziwa ni mazuri, lakini mgeni atainywa akiwaza ziwa Nakivale. Kosa halimo katika chai.

Programu inavyoondoa rangi

Katika zama za utepe, fundi aliyetaka kuiondoa harufu hiyo alizungusha vifungo vya besi na vya sauti nyembamba, akabahatisha kwa sikio lake. Siku hizi kompyuta imeingia. Karibu na mwaka 2000, kampuni ya Antares ya Marekani, iliyoanzishwa na Andy Hildebrand, ilitoa programu ya kuiga maikrofoni. Bwana huyo alikuwa ametumia miaka mingi kuyachunguza mawimbi ya sauti yanayopelekwa chini ya ardhi kutafuta mafuta, kisha akayahamishia maarifa hayo katika muziki. Baadaye kampuni nyingine nazo zilitoa programu za kazi kama hiyo.

Kazi yenyewe huanza kwa kupima. Maikrofoni huwekwa katika chumba maalumu, kilichozibwa kuta zake zisirudishe mwangwi, kisha hupigiwa mlio unaopanda kutoka sauti nzito hadi nyembamba. Kando yake hupimwa maikrofoni nyingine inayojulikana kuwa na usawa. Tofauti ya hizo mbili huchorwa kama mstari wenye vilima na mabonde. Mstari huo ndio picha ya tabia ya chombo.

Mwenye kutumia programu huulizwa mambo mawili. Kwanza, ni maikrofoni gani iliyotumika kweli? Pili, angependa rekodi isikike kama iliyonaswa na maikrofoni gani? Watu wengi hulikimbilia swali la pili, kwa kuwa wanatamani fahari ya maikrofoni za bei kubwa zilizotumiwa na waimbaji mashuhuri wa Ulaya na Marekani. Faida kubwa kwa Nakivale imo katika swali la kwanza. Fundi aweza kulijibu la kwanza kwa ukweli, akaliacha la pili wazi. Hapo programu haivishi rekodi nguo mpya, inaivua ile ya zamani tu. Panapo kilima cha desibeli 5 karibu na hezi 5,000, hupunguza desibeli 5 pale pale. Penye bonde huinua. Kinachobaki hukaribia sauti ilivyosikika chumbani kabla chombo hakijaitia mkono.

Asiye na fedha ya kununua programu ya namna hiyo asikate tamaa. Ziko programu za bure za kuhariri sauti, kama Audacity, zenye nafasi ya kuchora mstari kwa mkono. Watengenezaji wengi wa maikrofoni huchapisha mchoro wa tabia ya chombo chao katika karatasi inayofungwa pamoja nacho. Fundi huusoma mchoro huo, kisha huchora kinyume chake: penye kilima anachora bonde, penye bonde anachora kilima. Kazi hiyo haina uchawi, inataka subira.

Mambo ambayo programu haiyawezi

Hata hivyo, ukweli lazima usemwe, maana wauzaji hawausemi wote. Programu hurekebisha kile kilichopokewa kwa kipimo kisicho sawa. Haiwezi kukirudisha kile ambacho hakikupokewa kabisa. Unga ulioachwa kinuni haupatikani kwa kuzidisha kuchekecha. Ikiwa chombo kilikuwa kiziwi juu ya hezi 15,000, kuinua mahali hapo kutaleta mvumo wa umeme tu, kama mvua ya mbali. Kwa sababu hiyo mafundi waangalifu huinua mabonde nusu tu ya kina chake, wakasikiliza, ndipo wakaamua kuendelea au kuacha.

Simu ya mkononi ina tatizo la pekee. Maikrofoni yake ndogo si mbaya, lakini simu nyingi huifanyia sauti mambo mengine kwa siri: huikuza inapopungua, huibana inapozidi, na huikata inayodhaniwa kuwa kelele. Mambo hayo hubadilika kila nukta, kwa hiyo mstari mmoja hauwezi kuyafuta. Na sauti iliyopita katika simu ya kawaida ya zamani imekwisha kukatwa ibaki kati ya hezi 300 na 3,400 tu. Wasia wa mzazi uliotumwa kwa njia hiyo ni wa kuthaminiwa na kutunzwa, ila asidanganyike mtu kwamba programu itamrejesha mzazi mzima.

Kwaya nayo ina shida yake. Tabia ya maikrofoni hubadilika kwa pembe. Aliye mbele yake husikika kwa rangi moja, na aliye pembeni kwa rangi nyingine. Programu nyingi huijua pembe ya mbele tu. Kwaya ya watu 20 iliyopangwa nusu duara mbele ya maikrofoni moja ina rangi nyingi ndani yake, na kumwosha wa katikati kwaweza kumchafua wa pembeni. Dawa ni kuwasogeza waimbaji, waipe maikrofoni nyuso zao, kabla ya kuifikiria kompyuta.

Tena programu haijui chumba. Nyumba nyingi za makazi zimejengwa kwa udongo na kuezekwa mabati au turubai. Mvua ikinyesha juu ya bati, hapana mchoro wa kiwandani utakaoitenga mvua na maneno ya mzee. Blanketi mbili zilizotundikwa ukutani nyuma ya msemaji, na saa iliyochaguliwa vizuri kabla jenereta za jirani hazijawashwa, hufanya kazi ambayo programu ya bei kubwa haiwezi.

Mwisho katika orodha hii ni udanganyifu. Maikrofoni za sifa huigwa, na za bandia huuzwa zikiwa na jina lile lile na sanduku linalofanana. Fundi akiiambia programu kwamba alitumia chombo fulani, kumbe alitumia cha bandia, programu itaondoa vilima visivyokuwapo na kuacha vilivyopo. Rekodi itatoka na kasoro mbili badala ya moja. Askari polisi hahitaji kufundishwa jambo hili: jina lililoandikwa juu ya kitu si ushahidi wa kitu. Njia rahisi ya kupima ni kumrekodi mtu mmoja mara mbili kwa wakati mmoja, kwa chombo kinachoshukiwa na kwa kingine kinachoaminika, vikiwa kando kwa kando na umbali sawa, kisha kulinganisha.

Desturi za kushika

Kutokana na hayo, anayetaka kuhifadhi sauti za wazee wa Nakivale, au za jamaa zake katika kambi za Mbarara, atafaidika akizishika desturi chache.

Kwanza, aandike. Katika daftari, na vilevile mwanzoni mwa rekodi kwa kutamka, zitajwe tarehe, mahali, jina la maikrofoni, na umbali wake kutoka mdomoni. Lau kila rekodi ya zamani ingekuwa na maelezo hayo, watunzaji wa leo wangejua la kuondoa na la kuacha. Mstari mmoja wa kalamu una faida kuliko saa nyingi za kubahatisha.

Pili, ashike umbali mmoja. Shibiri moja kati ya mdomo na maikrofoni yafaa kwa wasemaji wengi. Kijiti kilichokatwa kwa kipimo hicho chatosha kuwa rula. Mzee akichoka na kuegemea nyuma, chombo kimfuate kwa adabu. Asiamriwe kukaa kama askari gwarideni.

Tatu, rekodi ya asili isiguswe. Ihifadhiwe bila kubanwa, na kazi yote ya kusafisha ifanywe katika nakala. Nafasi si kisingizio tena. Sauti ya njia moja, katika kipimo kizuri cha hezi 48,000 na biti 24, hula megabaiti zipatazo 8.6 kwa dakika, kwa hiyo kadi ndogo ya gigabaiti 32 hubeba saa zipatazo 60. Saa 60 ni maisha mengi ya kusimuliwa. Na kwa kuwa kadi hupotea na huharibika, nakala ya pili ikae nyumba nyingine.

Nne, anayemjua mwenye sauti aitwe asikilize. Mchoro wa kiwandani ni msaada, lakini mke aliyeishi na mzee miaka 40 ndiye mpimaji wa mwisho. Akisema, huyu ndiye, fundi aache kuzungusha vifungo. Akisema, huyu simjui, fundi arudi katika rekodi ya asili, aanze upya.

Desturi ya tatu inawahusu hasa watu wa usalama. Maelezo ya mtu aliyeshuhudia jinai huweza siku moja kusomwa au kusikilizwa mahakamani. Sheria ya Uganda ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inazikubali kumbukumbu za kielektroniki kuwa ushahidi, na katika kuzipa uzito, mahakama hutazama namna zilivyotengenezwa, zilivyotunzwa na zilivyolindwa zisibadilishwe. Rekodi iliyosafishwa, hata kwa nia njema, imebadilishwa. Inaweza kumsaidia mpelelezi kuyasikia maneno vizuri, lakini isichukue nafasi ya ile ya kwanza. Anayefuta ya asili baada ya kusafisha amemwondoa shahidi na kuacha picha yake.

Iko hatari nyingine iliyo karibu na hiyo. Programu inayoweza kuvua rangi inaweza pia kupaka. Kijana mwenye studio ndogo atashawishika kumpa mzee besi asiyokuwa nayo, ili asikike kama mtangazaji wa redio. Katika wimbo wa sherehe hapana ubaya, ni pambo kama mapambo mengine, na mwimbaji mwenyewe amelitaka. Katika ushuhuda wa mtu aliyeikimbia vita, pambo hilo huwa uongo mdogo. Sauti iliyokwaruza kwa uchovu wa njia, meno yaliyopungua, kikohozi katikati ya jina la marehemu, hayo yote ni sehemu ya habari. Kazi ya programu ni kuondoa kilichotiwa na chombo. Kilichotiwa na maisha hakina budi kubaki.

Kwa hiyo vijana wa Nakivale na wa Mbarara wanaonunua kompyuta na maikrofoni kwa akiba zao, wakarekodi kwaya za Jumapili na nyimbo za mtaani, wanayo mikononi kazi kubwa kuliko wanavyodhani. Kabla ya kuwaza jinsi sauti fulani itakavyofanana na ya Ulaya, waitafute kwanza ile iliyo ya kweli. Ipo siku mtoto aliyezaliwa ng'ambo atauliza babu yake alikuwa akisemaje. Atapewa kadi ndogo iliyo nyepesi sana. Heri yake ikiwa humo atamkuta babu mwenyewe.